Kupima sera za ugawaji wa memori kwenye NUMA bila kuwa na seva kubwa

Kwenye mashine ya NUMA kila kundi la vichakataji lina memori yake ya karibu (kwa pamoja huitwa nodi), na memori ya nodi ya pili inafikiwa kwa kuchelewa. Sera ndiyo inayoamua kurasa (vipande vidogo vya memori) zitoke nodi ipi. Ili kujaribu sera hizo, QEMU (programu ya kuunda mashine pepe) kwenye kompyuta ya kawaida inatosha:

```
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 4G -smp 4 \
 -object memory-backend-ram,id=m0,size=2G \
 -object memory-backend-ram,id=m1,size=2G \
 -numa node,nodeid=0,cpus=0-1,memdev=m0 \
 -numa node,nodeid=1,cpus=2-3,memdev=m1 \
 -numa dist,src=0,dst=1,val=21 \
 -drive file=linux.qcow2
```

Usipime kasi humu. Ile 21 (umbali kati ya nodi) ni namba tu anayoonyeshwa Linux. Memori yote bado inatoka kwenye kompyuta ileile. Unachopima ni kurasa zimekwenda wapi.

Ndani ya mashine pepe sakinisha kifurushi cha numactl (memhog, programu ya kujaza memori, huja nacho kwenye distro nyingi), kisha endesha `numactl --hardware`. Ukiona nodi moja tu, kagua amri ya QEMU kabla ya kwenda mbele. Halafu safisha uwanja, ukiwa root:

```
swapoff -a
sysctl kernel.numa_balancing=0
sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches
```

Usiiruke amri ya pili: usawazishaji wa kiotomatiki huhamisha kurasa kimyakimya chini ya sera ya kawaida, nawe utadhani sera ndiyo iliyoziweka huko.

Sasa jaribio lenyewe, kwa `--membind`, yaani memori itoke nodi 1 tu:

```
numactl --membind=1 memhog -r200 1g >/dev/null &
grep N1= /proc/$(pidof memhog)/numa_maps
```

Tafuta mstari wenye `bind:1` na `N1=262144`. Hizo ni kurasa za KB 4, jumla GB 1 kamili. Ukiikuta namba ndogo, programu bado inajaza. Subiri kidogo, soma tena. Ua memhog, kisha rudia kwa `--interleave=all`, yaani kurasa zigawanywe kwa zamu kwenye nodi zote: N0 na N1 zikaribie 131072 kila moja.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kuomba memori hakuleti ukurasa. Ukurasa hupatikana programu inapougusa mara ya kwanza, na chini ya sera ya kawaida hutoka kwenye nodi ya kichakataji kilichougusa. Kwa hiyo programu yenye nyuzi (threads) nyingi, ikiwa uzi mmoja ndio unaojaza safu yote sifuri mwanzoni, itarundika kila kitu upande mmoja hata kama kazi imegawanywa vizuri baadaye. Dawa ni kila uzi ujaze sehemu yake. Kubadili sera baada ya hapo hakuhamishi kurasa zilizokwisha kuguswa. Kuzihamisha tumia `migratepages PID 0 1`.

Jaribu pia kufurika, maana tofauti ya sera huonekana nodi inapojaa. Chukua hesabu za kila nodi kwa `numastat` kabla na baada ya:

```
numactl --preferred=1 memhog 2500m
```

Itamaliza salama, kwa kuwa `--preferred` hupendelea nodi 1 bila kulazimisha. Ziada imeangukia nodi 0, hivyo `numa_miss` inapanda kwenye nodi 0 na `numa_foreign` kwenye nodi 1. Wengi huzisoma kinyume: miss huhesabiwa kwa nodi iliyotoa memori, foreign kwa ile iliyokusudiwa.

Badilisha `--preferred` kuwa `--membind` na memhog itauawa ilhali nodi 0 ina nafasi. `dmesg` itaandika `CONSTRAINT_MEMORY_POLICY`. Neno hilo ukilikuta kwenye seva halisi, kuongeza memori kwenye nodi nyingine hakutasaidia. Legeza sera au punguza mzigo wa nodi hiyo.