Engo ya umeme inaruka ruka? Anza na saa kabla hujagusa hesabu

Wakuu, kama umetengeneza kiboksi cha kupimia frikwensi na fasori kwenye soketi ya nyumbani na namba hazitulii, usikimbilie kubadilisha hesabu. Mi nilihangaika wiki mbili nzima, programu nikaiandika upya mara tatu, kumbe hesabu ilikuwa poa, saa ndo ilikuwa inaniangusha.

Fasori ni vitu viwili tu, ukubwa wa volti na engo yake ukiilinganisha na wimbi la kufikirika la 50 Hz lililofungwa kwenye saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Ukubwa hausumbui sana, engo ndo kizungumkuti. Mzunguko mmoja ni milisekunde 20, kwa hiyo saa ikikosea mikrosekunde moja engo inakosea digrii 0.018. Standadi ya vipima fasori ya wahandisi wa umeme, IEEE C37.118.1 ya 2011, iliruhusu kosa la jumla la asilimia 1, na kama kosa lote likiwa la engo hiyo ni digrii 0.57, yaani mikrosekunde kama 32 hivi. Unaweza ukaona ni nyingi ila kristali ya kawaida inayoendesha saa ya bodi inaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, maana yake kila sekunde inateleza mikrosekunde 20, GPS ikipotea sekunde 10 tu ushapoteza digrii 3.6.

Kwa hiyo tafuta moduli ya GPS yenye pini ya PPS, ile inayotoa palsi kila sekunde, usitegemee muda unaokuja kwa maandishi kwenye waya wa data maana huo unachelewa unavyojisikia. PPS ipeleke kwenye pini ya taima inayonasa muda yenyewe, sio uisome kwenye lupu ya programu. Alafu hesabu tiki kati ya palsi mbili, kama saa ya bodi ni ya tiki 80,000,000 kwa sekunde na wewe umepata 80,001,600 basi hiyo ndo sekunde yako, tiki za kila sampo zigawe kwa hiyo. Urefu wa waya wa antena usikuumize kichwa, mita 20 ni kama nanosekunde 100 tu.

Sasa kuna mtego mmoja ulinitesa kweli. Nilikuwa na viboksi viwili soketi moja, asubuhi vinatofautiana digrii 36, baadae sifuri, baadae tena 20 na kitu, na tofauti inapanda na kushuka kufuata frikwensi. Saa ya GPS iko mbele ya UTC kwa sekunde 18, na moduli ikiwashwa baada ya kuzimwa muda mrefu inaweza kutumia namba ya zamani ya tofauti hiyo iliyoko ndani yake mpaka ipokee sahihi toka kwenye setilaiti, ambayo inaweza kuchukua hadi dakika 12 na nusu. Kiboksi kimoja kilikuwa kinatumia 16 badala ya 18. Frikwensi ikiwa 50.00 kamili huoni kitu, ikishuka 49.95 sekunde mbili zinakuwa digrii 36. Dawa yake ni subira, usirekodi chochote mpaka moduli iseme muda wa UTC umethibitika.

Ukimaliza saa njoo mlangoni, pale umeme unapoingilia. Tumia transfoma ya 230 kwenda volti 9, usiguse umeme wa ukutani moja kwa moja, hilo sihitaji kurudia. Ile filta ya rezista na kapasita ya kuchuja kelele ikikatia 1 kHz inarudisha engo nyuma digrii 2.9 kwenye 50 Hz, na kapasita inayoweza kupishana asilimia 10 na thamani yake inakuongezea kama digrii 0.3 za bahati nasibu, ndo maana viboksi viwili vya saketi ileile havilingani. Transfoma nayo ina engo yake. Pima jumla mara moja, itoe kwenye programu. Na kama ADC yako, ile inayogeuza volti kuwa namba, inasoma chaneli moja baada ya nyingine, mikrosekunde 10 katikati yake ni digrii 0.18. Kwa wale wa substesheni, VT (transfoma ya kupimia volti) ya klasi 0.5 inaruhusiwa dakika 20 za engo, yaani digrii 0.33, kwa hiyo mita ya bei mbaya nyuma ya VT hiyo haikuongezei kitu.

Hesabu sasa. DFT, hesabu ya kutoa ukubwa na engo kwenye sampo, ya dirisha (kipande cha sampo) la milisekunde 20 iko safi umeme ukiwa 50 Hz kamili, ukiwa 49.5 dirisha halibebi mizunguko kamili na engo inatikisika kama digrii 0.3 juu chini, mara mbili kila mzunguko. Mi natumia dirisha la Hann, linalopunguza uzito wa sampo za pembeni, la mizunguko 4, linatulia vizuri ila mabadiliko ya ghafla linachelewa kuyaona. Muda uandike wa katikati ya dirisha, sio mwisho.

Frikwensi unaipata kwa kuangalia engo imesogea kiasi gani, gawa kwa 360 na kwa muda, jumlisha 50. Engo ikitoka 179 kwenda -179 imesogea 2, sio 358, ukisahau hilo utaona gridi ina 0.3 Hz na utadhani nchi imezimika. Usichukue tofauti ya milisekunde 20, kelele ya digrii 0.01 tu inakuwa milihezi 1.4, ya milisekunde 100 inashuka hadi 0.3. Na jirani akiwasha mashine ya kuchomelea engo ikaruka digrii 5, kipimo cha tofauti ya milisekunde 20 kitasema frikwensi imeruka karibu 0.7 Hz wakati jenereta hata halijashtuka, chuja hizo.

Viboksi vikikubaliana soketi moja usiku mzima ndo upeleke kimoja kwa mshkaji. Akiwa Nairobi na wewe Dar, laini ya 400 kV ya Isinya, Kenya, hadi Singida, Tanzania, ikiwa imeunganisha, wastani wa frikwensi utakuwa mmoja, ila tofauti ya engo itapanda na kushuka kadri umeme unaovuka unavyobadilika. Ukikuta digrii 120 au 30 kavu kavu imeongezeka juu yake usifungue kiboksi, hiyo ni fezi nyingine au transfoma ya mtaani.