Kugeuza namba ya desimali kuwa namba kamili bila kufurika: utaratibu wangu, hatua kwa hatua

Tangi la kupozea maziwa lilisoma nyuzi 0.00 usiku kucha. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu king'ora kilipangwa kulia joto likizidi nyuzi 4, na 0 ni baridi. Alfajiri mlinzi akafungua kifuniko, akakutana na harufu. Waya wa kihisi joto ulikuwa umekatika tangu jioni, na mtambo wa kupozea nao ulikuwa umezima. Maziwa ya wafugaji wa vijiji vitatu yakamwagwa.

Programu ya kifaa kile niliiandika mimi. Kosa lilikuwa kwenye mstari huu:

```c
int32_t joto_mia = (int32_t)(wastani * 100.0f);
```

Visomo vibovu vilikuwa vinatupwa kabla ya kupiga wastani. Waya ulipokatika, vyote vikawa vibovu: jumla 0, idadi 0. Ukigawanya 0.0 kwa 0.0 hupati namba, unapata NaN, maana yake "hii si namba". Prosesa ya ARM iliyo ndani ya kifaa hugeuza NaN kuwa 0. Kompyuta yangu ya mezani, yenye prosesa ya Intel, mstari huohuo huipa -2147483648. Ningeliona jibu hilo siku ya kwanza, lingenishtua. Sikuwahi kulijaribu.

Tangu siku ile sigeuzi desimali kuwa namba kamili kabla ya kupita hatua zifuatazo. Mifano yangu ni ya lugha ya C, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye vifaa vingi na ndiyo inayoumiza zaidi. Lugha nyingine nitazigusa njiani.

Hatua ya 1: Jua lugha yako inaahidi nini

Fikiria pishi na kibaba. Pishi moja ni vibaba vinne. Ukimimina pishi zima ndani ya kibaba, mchele utamwagika na utauona sakafuni. Kwenye kompyuta kilichomwagika hakionekani, na kibaba hubaki na kitu kinachofanana kabisa na mchele.

Aina ya desimali iitwayo `double` (biti 64) hufika karibu 1.8 mara 10 kwa kipeo cha 308. Aina ya namba kamili iitwayo `int32_t` (biti 32) huishia 2147483647. Kiwango cha C kinasema hivi: desimali ikikatwa sehemu yake ya nukta na kilichobaki kisitoshe kwenye aina mpya, tabia ya programu haijafafanuliwa. Haisemi utapata 0, wala haisemi utapata namba kubwa kuliko zote. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya C kuwa maagizo ya mashine, ina ruhusa ya kufanya lolote, na ndiyo maana ARM na Intel zilinipa majibu mawili tofauti bila yeyote kati yao kukosea.

Java hubana, yaani huishusha namba iliyozidi hadi kwenye kikomo: `(int) 1e10` huwa 2147483647, na NaN huwa 0. Lakini angalia, `(short) 70000.0` hupita kwanza kwenye `int` kisha hukatwa biti za juu, ukaishia na 4464. Rust hubana tangu toleo la 1.45 la mwaka 2020. Go huacha jibu litegemee mashine. JavaScript, ukitumia `1e10 | 0`, huzungusha na kukupa 1410065408. Python ndiyo yenye adabu zaidi: namba zake kamili hazina kikomo, na `int()` hugoma kwa kosa ukiipa NaN au namba isiyo na mwisho (infinity). Tatizo la Python huja baadaye, unapoipeleka namba hiyo kwenye safu ya biti 32 ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) au kwenye hifadhidata.

Kubana si sawa na kuwa salama. NaN kugeuka 0 ndicho hasa kilichomwaga maziwa.

Hatua ya 2: Amua kwanza, kabla ya kuandika, namba isiyotosha ifanywe nini

Hapa ndipo watu wengi huruka, na mimi nasisitiza pasirukwe. Uko na njia tatu: kuikataa na kurudisha kosa, kuibana kwenye kikomo, au kusimamisha programu. Hakuna iliyo bora mahali pote. Sauti inayopigwa kwenye spika ibane; msikilizaji atasikia mkwaruzo mdogo tu. Fedha ikatae. Kipimo kinacholinda chakula au uhai wa mtu kikatae, kisha mwenye kifaa aambiwe kwa sauti kwamba kipimo hakipo.

Kuhusu kusimamisha, kuna kisa ambacho kila mwandishi wa programu anapaswa kukijua. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sekunde zipatazo 37 baada ya injini kuwashwa, mfumo wa kupima mwelekeo ulijaribu kugeuza desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16 yenye alama, yaani inayoweza pia kuwa hasi. Thamani yenyewe ilitegemea kasi ya mlalo ya roketi. Programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambayo kasi yake ya mlalo mwanzoni mwa safari ilikuwa ndogo zaidi. Biti 16 hazikutosha. Programu iliandikwa kwa lugha ya Ada, na Ada ilifanya kazi yake: ilipaza kosa. Hakuna aliyeandika cha kufanya kosa hilo likitokea, basi kompyuta ikazima. Ya akiba ilikuwa na programu ileile na ilikuwa imeshazima muda mfupi kabla, kwa sababu ileile. Kompyuta kuu ya roketi ikasoma taarifa za hitilafu kana kwamba ni vipimo vya safari, ikageuza bomba za injini hadi mwisho, na roketi ikavunjika pamoja na satelaiti nne za Cluster.

Tume ya uchunguzi, chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions, iligundua kwamba thamani saba zilikuwa kwenye hatari hiyo. Nne zilikuwa zimelindwa. Tatu ziliachwa wazi kwa makusudi, kwa hoja kwamba haziwezi kamwe kufika huko, na ili kompyuta isilemewe kazi kupita asilimia 80. Linaloniuma zaidi ni kwamba hesabu iliyofurika haikuwa na matumizi yoyote baada ya roketi kuondoka chini.

Kwa hiyo ukisema "thamani hii haiwezi kufika pale", andika ni nani anayeihakikisha na kwa kifaa gani. Kifaa kikibadilika, dhamana hiyo imekufa.

Hatua ya 3: Ondoa nukta kwanza, pima baadaye

Kugeuza kwa C hukata, hakukadirii. Shilingi 19 na senti 99, yaani 19.99, ukizidisha kwa 100 kwenye `double` unapata 1998.9999999999998. Kata, umebaki na senti 1998. Mteja amepoteza senti moja bila namba yoyote kufurika.

Chagua basi: `round` (kwenda iliyo karibu), `floor` (kwenda chini), `ceil` (kwenda juu) au `trunc` (kukata). Usijitengenezee `floor(x + 0.5)`, ukiipa 0.49999999999999994 inakurudishia 1, kwa sababu kujumlisha kwenyewe kumekadiria kwenda juu.

Kipimo cha mpaka kifuate baada ya hapo, kwenye namba iliyokwisha kuondolewa nukta. Ukipima kabla, 2147483647.6 itapita, kisha `round` itaisukuma hadi 2147483648, nje ya mpaka.

Hatua ya 4: Andika mpaka kwa namba ambayo desimali inaweza kuishika

Huu ndio mtego ambao hata mafundi wazoefu hunaswa nao. Tazama ukaguzi huu, unaoonekana safi:

```c
if (x <= INT64_MAX)          /* KOSA */
    jibu = (int64_t)x;
```

`INT64_MAX` ni 9223372036854775807. Ili ilinganishwe na `double`, kompaila huigeuza kwanza kuwa `double`. Lakini `double` ina biti 53 tu za tarakimu. Karibu na hapo namba zake zinapishana kwa 1024: kuna 9223372036854774784, kisha 9223372036854775808, katikati hakuna kitu. Kwa hiyo mpaka wako unapanda kimyakimya hadi 2 kwa kipeo cha 63, namba ambayo `int64_t` haiwezi kuibeba, na alama yako ya `<=` inaikaribisha ndani.

Jambo hilohilo hutokea kwa `float` (desimali ya biti 32) na `INT32_MAX`: mpaka hupanda hadi 2147483648. Kwa `double` na biti 32 hakuna shida, na ndiyo maana kosa hili hujificha miaka, mpaka siku mtu anapobadilisha aina ili aokoe kumbukumbu.

Dawa ni kutumia vipeo vya 2, maana hivyo desimali huvishika bila kukadiria. Chini weka `>=`, juu weka `<` kavu:

```c
r >= -0x1p63 && r < 0x1p63
```

Maandishi `0x1p63` ni namna ya C, tangu kiwango cha mwaka 1999, ya kuandika 2 kwa kipeo cha 63. Kwa biti 32 ni `0x1p31`, kwa biti 16 ni `0x1p15`. Zisizo na alama huanza na `r >= 0.0`, na mwisho wake ni kipeo kamili, mfano `r < 0x1p32`.

Hatua ya 5: Uliza "imo ndani?", usiulize "iko nje?"

NaN ikilinganishwa kwa `<` au `>=` na chochote, jibu ni uongo. Ukiandika `if (r < chini || r > juu) return false;` NaN hupita katikati kama mtu asiyeonekana getini. Ukiuliza kama imo ndani, kisha ukakanusha swali zima, NaN hukataliwa bila mstari wa ziada:

```c
#include <math.h>
#include <stdbool.h>
#include <stdint.h>

bool kwa_i64(double x, int64_t *jibu)
{
    double r = round(x);
    if (!(r >= -0x1p63 && r < 0x1p63))
        return false; /* nje ya mpaka, isiyo na mwisho, au NaN */
    *jibu = (int64_t)r;
    return true;
}
```

Ukijenga kwa `-ffast-math`, chaguo la kuharakisha hesabu, kompaila inaruhusiwa kudhani kwamba NaN haipo duniani, na ulinzi huu unaweza kufutwa. Faili lenye fanksheni hii nalijenga bila chaguo hilo.

Iweke mahali pamoja, na mradi mzima uiite. Mtu akiandika `(int64_t)` au `(int32_t)` juu ya desimali mahali pengine, nalirudisha faili lake.

Hatua ya 6: Jaribu kingoni

Thamani za kawaida hazitakuonyesha kitu. Ipe fanksheni hizi: `NAN`, `INFINITY`, `-INFINITY`, `0x1p63` na `nextafter(-0x1p63, -INFINITY)` (`nextafter` hutoa desimali jirani kuelekea upande uliotajwa), zote zikataliwe. Kisha `nextafter(0x1p63, 0)`, `-0x1p63`, `-0.4` na `0.49999999999999994`, zote zikubaliwe, mbili za mwisho zitoe 0.

Kwa msimbo wa zamani, jenga programu yote hivi kisha uiendeshe kwa data halisi:

```
gcc -g -fsanitize=float-cast-overflow programu.c -lm
```

Kila ugeuzaji usiotosha utaandikwa, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Kwenye GCC, kompaila ya amri hiyo, lazima uitaje kwa jina; `-fsanitize=undefined` peke yake haiiwashi. Nilipoiendesha kwenye programu ya tangi, mstari wangu ulitokea wa kwanza, na chini yake vikatokea vingine viwili ambavyo sikuwa nikivishuku.

Skrini ya tangi lile sasa, kisomo kikikosekana, huchora vistari vinne badala ya namba, na king'ora hulia baada ya dakika 5.