Dereva wa teksi, usalama wako unaanza kabla abiria hajafungua mlango

Madereva wenzangu, hasa nyie wa usiku, kazi yetu ina kila kitu mwizi anachotafuta: uko peke yako, una keshi, gari yenyewe ni mali, halafu unampa mgongo mtu usiyemjua na yeye ndo anakwambia uelekee wapi. OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, iliandika mwaka 2010 kwamba hatari ya dereva wa teksi kuuawa akiwa kazini ni zaidi ya mara 20 ya wafanyakazi wengine. Sio mambo ya kuchukulia poa.

Kwangu mimi kila kitu kiko kwenye ile dakika moja kabla abiria hajapanda. Milango loki, kioo shusha kidogo tu cha kusikilizana, muulize anaenda wapi mpaka mtaa, na akiwa anajibu mwangalie usoni, angalia mikono iko wapi, wako wangapi. Gari ameita mmoja ghafla wanachomoza watatu gizani? Ondoka, hela utaipata kwingine. Kama ni wa apu usimuulize "wewe ndo fulani?" maana yeyote atasema ndio, mwache ataje jina mwenyewe.

Akishapanda mpigie mwenzako hapohapo, kwa sauti abiria asikie, "nina abiria, naelekea sehemu fulani, nikishusha nakushtua". Mwenye nia mbaya akijua kuna mtu anakusubiri anawaza mara mbili. Na ukianza shifti washa lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp umtumie mtu wa nyumbani, inakaa hewani mpaka masaa 8. Abiria akiwa mmoja mwombe akae nyuma upande wa kushoto au kulia usio wako, asikae nyuma ya mgongo wako kabisa.

Usiku mmoja nilipakia jamaa wawili, mmoja akang'ang'ania kukaa nyuma yangu, wakabadilisha safari mara mbili, kila mara panazidi kuwa giza, wananong'ona, kwenye kioo cha kati namuona yule wa nyuma haangalii barabara anaangalia shingo yangu. Sikuwauliza kitu, nikasema tairi linapungua upepo, nikaingia sheli yenye taa na watu, nikazima, nikashuka na funguo mkononi. Walishuka wakaondoka kwa miguu bila kulipa, na sikuwadai.

Kwenye foleni acha nafasi mbele, uone matairi ya gari ya mbele yanavyogusa lami, hapo unaweza kuchomoka bila kurudi rivasi. Keshi usitembee nayo yote, weka chenji kidogo karibu, nyingine ipeleke nyumbani au kwenye simu kila ukipata nafasi, na usihesabu hela mbele ya abiria. Simu nyingi za sasa ukibonyeza kitufe cha pembeni mara 5 haraka zinapiga namba ya dharura, ingia kwenye setingi leo uhakikishe yako imewashwa. Ukiweza funga kamera ya ndani, na stika ya kusema kuna kamera ionekane mlangoni, maana Marekani walilinganisha miji 26 wakakuta ile yenye kamera kwenye teksi madereva wanauawa wachache kuliko miji isiyo na kamera.

Kisu au bunduki ikishatoka, toa. Hela, simu, gari, toa vyote ndugu yangu, mikono ionekane, na kabla hujaupeleka mkono popote sema kwanza, "natoa hela mfuko wa shati". Usimkodolee macho, ila shika kimoja viwili akilini: kovu, sauti, viatu.

Wakiondoka usiwafukuze. Kama gari umebaki nayo sogea penye watu, jifungie, piga polisi, uandike ulichokumbuka kabla hujaanza kusimulia watu. Na usioshe gari wala kushika vitasa vya nyuma mpaka polisi waje wachukue alama za vidole.