Unatumia dawa za hospitali na miti shamba kwa pamoja? Soma hapa kwanza

Mi niko Moshi, mama yangu ana sukari na presha miaka kibao sasa na kama mnavyowajua mama zetu, dawa za kliniki anameza ila pembeni kuna chupa ya mlonge, kuna unga ameletwa na shangazi kutoka Rombo, kuna mizizi imefungwa kwenye gazeti alinunua kwa Mmasai stendi. Sikatai miti shamba, nimelelewa nayo. Ninachotaka kuwaelekeza ni namna ya kuvichanganya hivi vitu bila kumwangusha mgonjwa, maana sisi ilitukuta.

Ilikuwa hivi. Jirani alimwambia mama juisi ya karela, lile tunda chungu, inashusha sukari, na kweli inashusha, ndo tatizo lenyewe. Mama alikuwa anameza glibenklamaidi, nayo inashusha. Siku hiyo ugali alikula matonge mawili tu akasema kashiba. Saa tisa usiku nasikia anaongea maneno hayaeleweki, nagusa shuka limelowa jasho chapachapa, mikono inatetemeka, napima sukari inasoma 2.9. Chini ya 4 tayari imeshuka. Nikakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye kikombe cha maji akanywa yote kwa kuwa bado alikuwa anameza vizuri (mtu akishazimia usimpe kitu mdomoni, atapaliwa, kimbiza hospitali), baada ya dakika 15 nikapima tena ikawa imepanda, akala mkate, asubuhi tukaenda kuonwa maana hiyo dawa inakaa mwilini muda mrefu, unaweza kudhani yameisha kumbe sukari inashuka tena mchana.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki moja nyuma nesi alimuuliza mama kabisa, kuna kingine unatumia? Akasema hapana. Kwa nini? Kwa sababu kuna mahali zamani alishawahi kusema ukweli akafokewa mbele ya foleni nzima. Tangu hapo akajifunza kunyamaza.

Kwa hiyo cha kwanza: beba vyote. Siku ya kliniki chukua mfuko tia kila kitu anachotia mdomoni, vidonge, chupa, unga, mizizi, hata hayo majani ya chai ya kupunguza tumbo. Usimwambie dokta "anatumia dawa za kienyeji", hiyo haimsaidii, kuna za kushusha sukari, za kuharisha, za kila aina. Sema hivi: dokta, mama anakunywa hii kikombe kimoja asubuhi tangu mwezi uliopita, na hii kijiko kimoja usiku, naomba uangalie kama inagombana na dawa zake. Dokta akiwa na haraka au akianza kufoka, chukua dawa zako nenda dirishani kwa mfamasia umuulize yeye, hiyo ni kazi yake na mara nyingi ana muda kidogo.

Cha pili, nunua daftari la kurasa 40. Kila kitu kipya kiandikwe tarehe, kipimo, na presha au sukari ya siku hiyo. Na kiingie kimoja kimoja! Watu wanaanza mlonge, kitunguu swaumu na unga wa mwarobaini siku moja, tumbo likichafuka hawajui walaumu nini. Kimoja, wiki mbili, angalia namba, ndo uongeze kingine kama kuna haja. Mara nyingi hakuna haja.

Cha tatu hakina mjadala, usiache dawa ya hospitali kwa sababu umeanza ya mti. Mnakumbuka 2011, kikombe cha Babu, yule mchungaji aliyenywesha watu dawa ya mti kule Samunge, Loliondo, shilingi 500, magari yamepanga foleni kilomita na kilomita porini? Mi sina neno na mtu aliyeenda kunywa, imani ni ya mtu. Shida ni wale waliorudi wakatupa ARV na dawa za sukari wakisema wamepona bila kurudi kupima. Ukihisi umepona nenda kapime, dokta mwenyewe ndo akupunguzie. Presha hasa inadanganya, inaweza kuwa juu na mtu anajisikia freshi kabisa.

Na kuna magonjwa usikae ukijaribu jaribu. TB dawa kwa kawaida ni miezi sita, umalize. Mtoto akiwa na homa kapimwe siku hiyo hiyo, ikiwa ni malaria, dawa ya mseto ni dozi sita kwa siku tatu na ameze na kitu chenye mafuta kidogo, maziwa au chakula, ndo dawa inaingia vizuri mwilini. Watu wanapenda kusema mseto wenyewe umetokana na mmea, ni kweli, ni ile pakanga ya Kichina, na mama Tu Youyou aliyeigundua dawa yake alipewa Nobel 2015. Ila kidonge kimepimwa, chai ya majani haijapimwa, leo kali kesho nyepesi, vimelea vinabaki.

Sasa saa za kumeza, hapa ndo wengi tunakosea bila hata mti shamba kuhusika. Mjamzito anapewa vidonge vya kuongeza damu halafu anavisukumia na chai ya rangi, chai inazuia yale madini ya chuma yasiingie, na udongo wa kula nao hivyo hivyo. Ameze na maji au juisi ya chungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Doksi na sipro, hizi antibayotiki, usimeze na maziwa. Lakini msije mkaelewa vibaya, kutenganisha saa kunasaidia kwa vitu vya aina hii tu, karela ya asubuhi na kidonge cha mchana bado vitakutana kwenye damu.

Alafu magadi. Wachaga wenzangu mtanisamehe, mgonjwa wa presha ameacha chumvi vizuri kabisa halafu kiburu (ndizi na maharage) kina magadi na makande yana magadi. Magadi ni sodiamu, ile ile inayosumbua kwenye chumvi. Sisi tumeacha, maharage tunaloweka usiku kucha yanaiva tu.

Vitu ambavyo mi naviunga mkono bila wasiwasi vipo. Tangawizi kidogo kwa kichefuchefu. Asali kwa kikohozi, ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Mtori kwa mzazi, hapo hata dokta hana neno. Kutembea jioni, mama anatoka na wenzake wa jumuiya wanaenda wakipiga stori na wakirudi anasali analala, na ukiangalia daftari siku hizo presha yake inakaa vizuri kuliko siku alizokaa ndani peke yake anawaza. Kuchuliwa na mafuta sawa, isipokuwa mguu mmoja ukivimba ghafla, unauma na una joto, usiuguse, inaweza kuwa damu imeganda, hospitali. Na mwenye sukari usimkande miguu kwa maji ya moto, ganzi inamdanganya, anaungua hasikii. Wewe ndo upime maji kwa kiwiko chako.

Mganga naye muulize. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linasajili waganga na dawa zao, omba akuonyeshe cheti. Akikwambia dawa yake inatibu magonjwa arobaini, au uache za hospitali kwanza, ondoka. Unga wa maumivu ya viungo unaotuliza ndani ya nusu saa nao uuogope, kuna wanaosagia humo vidonge vya hospitali, na hizi za nguvu za kiume ndo usiseme, mwenye dawa za moyo inaweza kumshusha presha akadondoka.

Mgonjwa akipangiwa operesheni taja kila kitu mapema, wengi wanaambiwa waache miti shamba wiki mbili kabla, kitunguu swaumu na tangawizi za kunywa kwa wingi zinaweza kuongeza kutoka damu. Mama anafanyiwa ya goti mwezi ujao. Chupa zote ziko juu ya kabati sasa hivi, kaziangalia wee, akaniuliza na mlonge wa kwenye mboga je? Nimeliandika kwenye daftari, tutauliza Jumanne.