SOMO: Malengo ya duka lako mwaka huu, anzia kwenye daftari la mwaka jana

Habari za mwaka mpya wadau, poleni na ada za watoto, Januari tunaijua wote.

Mimi nina duka la vyakula la rejareja huku Mbagala, mwaka wa 7 sasa. Miaka mitatu ya mwanzo kila tarehe 1 naandika kwenye karatasi "mwaka huu nakuza biashara" nabandika nyuma ya kaunta, ikifika Pasaka mtaji umepungua na sijui umeenda wapi. Kuna mzee mmoja wa duka la jumla ndo alinikalisha chini akaniuliza, unataka kukuza kutoka ngapi kwenda ngapi? Nikakosa jibu. Kuanzia siku ile nimekuwa nafanya hivi ninavyowaandikia hapa, naomba msome kwa utulivu na kalamu mkononi.

HATUA YA 1: Hesabu mali yote

Fungeni duka nusu siku, najua inauma lakini fungeni. Hesabu kila kitu kwa bei uliyonunulia (ukihesabu kwa bei ya kuuzia unajidanganya, hiyo faida bado hujaipata). Kiroba kilichofunguliwa pima kwenye mzani, biskuti zilizoisha muda weka pembeni usizihesabu. Jumlisha na hela ya droo, ya kwenye simu, ya benki, halafu madeni unayowadai watu, lakini yale tu ambayo moyoni unajua yatalipwa. Ukimaliza toa unachodaiwa wewe, mzigo wa mali kauli (uliochukua kwanza utalipa baadaye) na mikopo. Kinachobaki ndo mtaji wako halisi, andika na tarehe. Kama Januari iliyopita ulikuwa na 4,200,000 na leo una 3,650,000 basi mwaka mzima umefungua duka saa 12 asubuhi na laki 5 na nusu imepotea.

HATUA YA 2: Jua duka linazaa shilingi ngapi, na wewe unakula ngapi

Hapa ndo penye somo lenyewe. Chukua mfano huu, duka linauza 120,000 kwa siku. Vyakula faida yake ndogo, tuseme ukichanganya unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni na vocha unapata kama asilimia 12 ya mauzo, hiyo ni 14,400 kwa siku, kwa siku 30 ni 432,000. Sasa toa kodi ya fremu (chumba cha duka) 100,000, Luku 30,000 maana friji inakula umeme, kijana wa kukusaidia jioni 100,000, taka na ulinzi 15,000, bajaji ya kuleta mzigo 40,000. Jumla 285,000. Imebaki 147,000 na TRA, yaani kodi ya serikali, hatujamgusa bado.

Na wewe kila jioni unatoa elfu 10 kwenye droo ya matumizi ya nyumbani, ambayo ni laki 3 kwa mwezi! Duka limekupa 147,000 wewe umechukua 300,000, hiyo 153,000 ya juu umeikata kwenye mtaji, na kwa mwaka ni 1,836,000. Hujaibiwa wala hujarogwa na jirani, ni hesabu tu, na nimeona watu wazuri kabisa wanafunga maduka kwa jambo hili huku wakimsingizia mfanyakazi.

HATUA YA 3: Chagua lengo moja, lipe namba na tarehe

Tuendelee na mfano uleule, pengo ni 153,000 kwa mwezi. Ukitaka kuliziba kwa mauzo peke yake inabidi uongeze 42,500 kila siku, kwa duka la 120,000 hiyo ni ngumu sana. Lakini ukikubali kuchukua elfu 7 badala ya elfu 10 pengo linabaki 63,000, na hilo linazibwa na mauzo ya 17,500 zaidi kwa siku. Hapo sasa una lengo: "mpaka 30 Juni nauza 137,500 kwa siku na nachukua elfu 7". Linapimika, na hata mwenzako nyumbani ukimwambia anaelewa.

Mimi mwaka jana lengo langu lilikuwa madeni, nilianza na 610,000 ya watu wa mtaani nikataka ishuke mpaka 200,000. Nikaweka mwisho wa deni elfu 10 kwa nyumba, haujalipa la zamani hupewi jipya, na nikawaambia mapema kwa heshima kabla sijaanza. Nilifika 240,000. Wateja wawili walihama, mmoja karudi.

HATUA YA 4: Lipange kwenye kalenda

Mwaka hauko sawa miezi yote. Januari daftari na kalamu zinatoka, vyakula vinalala. Ramadhani 2026 inaanza katikati ya Februari kutegemea mwandamo, kwahiyo tende, tambi, sukari na unga wa ngano vinatakiwa viwe dukani mapema kabla Kariakoo bei haijapanda. Masika ya Machi mpaka Mei huku kwetu njia zinajaa maji, mauzo ya jioni yanashuka, usijiwekee lengo kubwa hapo. Wenye TIN (namba ya mlipakodi) mnaolipa kodi kwa makadirio andikeni kabisa tarehe za kulipa, 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, mimi natenga kidogo kila Ijumaa kwenye laini nyingine ili tarehe isinikute nakopa.

HATUA YA 5: Kila tarehe 1 kaa na daftari saa moja, basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi mwaka jana sikuandika chochote, daftari nililonalo ni la madeni tu. Nafanyaje?
Jibu: Fanya hatua ya 1 wiki hii, alafu andika mauzo na matumizi siku 30 bila kuruka hata siku ya mauzo mabaya. Lengo liweke mwezi wa pili, hujachelewa ndugu yangu.

Swali: Mimi nina saluni sina stoku ya kuhesabu zaidi ya mafuta na rasta, hii inanihusu?
Jibu: Inakuhusu sana dada. Wewe hesabu vichwa. Andika kwa siku umesuka wangapi na kiti kimekaa wazi siku gani, utakuta pengine Jumatatu mpaka Jumatano hakuna mtu, lengo lako liwe kujaza siku hizo tatu na sio Jumamosi ambayo tayari umejaa.

Swali: Kaka nimepewa ofa ya mkopo laki 5, narudisha laki 6 na nusu ndani ya siku 30. Nichukue nijaze duka Januari hii?
Jibu: Gawanya kwanza. 650,000 kwa siku 30 ni kama 21,700 kila siku. Duka la mfano wetu faida yake ya siku ni 14,400 kabla ya fremu. Utalipa kwa kutumia mtaji, ndo maana watu wanaiita kausha damu. Nakuomba usichukue, zungusha kidogo ulichonacho.

Swali: Nyumbani tunakula dukani, unga, sukari, sabuni. Nikianza kuandika mke wangu ataona nimekuwa mchoyo.
Jibu: Hata mimi niliogopa hilo. Nilichofanya, mwezi wa kwanza niliandika bila kuzuia chochote, mwisho wa mwezi nikamkalisha mke wangu tukasoma pamoja. Ilikuwa wastani wa 4,000 kwa siku, kwa mwaka 1,460,000. Alinyamaza kidogo akasema hiyo si ndo ada ya wote wawili. Sasa daftari la nyumbani anashika yeye, linaning'inia kwenye msumari pembeni ya mzani, na mtoto akitumwa sukari anaandika mwenyewe.