Kabla hujahamisha familia Lubumbashi kwa ajili ya masomo ya udaktari

Kila mwaka ikifika mwezi wa 9 napigiwa simu kutoka Kamina, Kolwezi, hata Kalemie. Mtoto amepokelewa fakilte ya udaktari, au baba anaenda kuanza spesialite (udaktari bingwa), na nyumba nzima inataka kufuata. Swali ni lilelile: "Mama, tutafute kartie gani?", yaani mtaa gani wa kukaa. Naandika hapa yote kwa mara moja. Mimi nilikuwa muuguzi Kamina, nikaanza udaktari nikiwa na mume na watoto 3. Nilichagua nyumba vibaya, na aliyeumia ni mtoto wangu wa mwisho. Soma mpaka chini kabla hujatuma hata dola 1.

Anza na masomo, nyumba baadaye. Udaktari hausomwi mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kina kampasi kwenye barabara ya Kasapa, lakini mazoezi ya hospitali yatakupeleka Kliniki za Chuo Kikuu, hospitali ya Sendwe na kwingine. Nenda sekretarieti ya fakilte uulize mwaka wako unasomea wapi na staji zinafanyika wapi. Kisha ipime njia mwenyewe, siku ya kazi, saa 12 na nusu asubuhi. Usiipime Jumapili. Pima na ya kurudi usiku, maana zamu zikianza utatoka saa ambayo taksibusi zimepungua, mwenye pikipiki anataja bei anayotaka, na kutoka barabara kubwa hadi mlangoni kwako ni giza tupu. Piga hesabu ya mwezi mzima. Nyumba ya bei ndogo iliyo mbali inaweza kukula pesa nyingi kuliko ile uliyoikimbia.

Umeme: usimwulize mwenye nyumba. Uliza majirani 3, kila mmoja peke yake, deleste (mgao wa umeme) inakata siku zipi na saa ngapi, na kabini (transfoma) ya mtaa iliungua lini. Taa ya sola nunua hata kama majibu ni mazuri.

Shule za watoto: msingi wa serikali ni bure tangu 2019, na madarasa yamejaa. Ingia darasani uhesabu watoto wangapi wako kwenye benchi moja. Uliza pia wanaingia asubuhi au mchana, kwa sababu mkubwa akiingia asubuhi na mdogo mchana, lazima mtu mzima awe nyumbani kutwa.

Udongo na vumbi, hili watu wa mbali hawalijui kabisa. Lile bomba refu la moshi unaloliona kwenye picha za mji, na ule mlima mweusi pembeni yake, ni vya kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi 1911. Upepo wa hapa mara nyingi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo kwa miaka na miaka moshi ulilala upande wa kaskazini-magharibi, na udongo wa huko, Penga Penga kwa mfano, umebeba metali mpaka leo. Katika utafiti uliochapishwa 2009, watafiti wa UNILU na wenzao wa Ubelgiji walipima mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini, wakakuta kobalti na metali nyingine nyingi, hasa kwa watoto. Kama una mtoto anayetambaa na kutia udongo mdomoni, uliza kiwanda kiko wapi na vumbi linaelekea wapi. Na usilime mboga kwenye parseli (kiwanja) usiyoijua.

Sasa maji. Hapa nisikilize vizuri.

Mwaka wa masomo ndio unaotuponza. Mvua ya Lubumbashi inakatika mwezi wa 4, haianzi tena vizuri mpaka wa 11. Sisi tunakuja kutafuta nyumba mwezi wa 8 na wa 9, mji ukiwa mkavu kuliko wakati wowote. Kila parseli inapendeza. Kila avenyu inapitika.

Nilikuja mwezi wa 8. Nyumba ilikuwa na vyumba 3, mabati mapya, kuta zimepakwa rangi juzijuzi, bado inanukia. Ng'ambo ya uzio, mama mmoja alikuwa na bustani ya lengalenga, majani mapana, mabichi, wakati nyasi za mji mzima zimekauka. Nikamsifu kwa mboga zake, akacheka, tukaachana hapo. Uani palikuwa na kisima. Mwenye nyumba akateremsha ndoo, na kamba haikushuka hata urefu wa mtu, ndoo ikarudi imejaa. Akaniambia kwa fahari, "Mama, hapa shida ya maji hutaijua." Nikatoa garanti, yaani amana ya nyumba, ya miezi 6 siku ileile.

Alama zote zilikuwa mbele ya macho yangu. Mboga mbichi katikati ya kiangazi bila mtu kubeba bidoni za maji, kisima kifupi, hakuna mti mkubwa wala kichuguu karibu: hiyo ni dembo, lile bonde la nyasi ambalo maji ya mvua yanakusanyika chini yake. Wazee walikuwa wanalima dembo, hawalali ndani yake. Mji ulipofura, viwanja vikakatwa humohumo.

Maji hayakuja na kishindo. Yalipanda kutoka chini. Mwezi wa 1, asubuhi moja, sakafu ya chumba cha watoto ilikuwa imetoa jasho. Baada ya siku chache yakaanza kutoka kwenye ufa wa saruji, taratibu, kama chozi. Kisimani nilichota kwa kikombe, nimepiga magoti, bila kamba. Choo kilikuwa hatua 11 kutoka hapo, nacho kilijaa mpaka juu, maji yake na ya kisima yakawa usawa mmoja. Mtu aliyesomea uuguzi hahitaji maabara kuelewa hilo. Lakini nilikuwa katikati ya mitihani. Nilichemsha maji ya kunywa nikadhani inatosha. Ya kuoshea sahani na ya watoto kupigia mswaki sikuyachemsha.

Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka 6. Ilianza homa ya jioni, ikapanda kila siku, akakataa kula, kisha tumbo likakaza kama ubao. Tifoidi ilikuwa imetoboa utumbo. Walimpasua usiku uleule. Amepona, anacheza mpira, lakini kovu lake linaanzia juu ya kitovu na kushuka, na kila nikimwogesha naliona.

Yule mama wa lengalenga alikuja hospitali na bukari (ugali) na samaki. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Pole, mama. Ile nyumba mwezi wa 8 inapata watu, mwezi wa 2 wanahama. Nilifikiri mwenyewe alikuambia." Alikuwa anajua kila kitu, na mimi nilikuwa nimesimama naye uzioni, nikamsifia mboga tu.

Kwa hiyo ukifika kwenye nyumba, sogeza kabati uguse ukuta wa nyuma. Ukikuta rangi ya sehemu ya chini ya ukuta ni mpya kuliko ya sehemu ya juu, uliza kwa nini. Pima kamba ya kisima: kama kiangazi maji yako karibu, masika yatakuwa mlangoni. Angalia choo kiko upande wa juu wa kisima au wa chini, na cha jirani pia. Majirani usiwaulize kama panafurika, maana hakuna anayetaka kumharibia mwenzake biashara. Waulize hivi: "Mwezi wa 2 mnapita wapi kwenda sokoni?" Njia watakuonyesha, na wakikuonyesha mzunguko mrefu, umeshajua.

Garanti ile sikurudishiwa hata nusu. Sheria ya Kongo nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Anayedai 6, mtajie sheria hiyo, na hata ukikubaliana naye, andikeni mkataba na hali ya nyumba ilivyo siku ya kuingia. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, usimlipe kabla hujashika funguo. Picha za simu usiziamini. Karatasi za parseli omba kuziona, kisha pita kwa shefu wa avenyu umwulize mwenye parseli ni nani. Makala, yaani mkaa wa kupikia, nunua gunia kabla ya mvua, bei itapanda. Na kama mambo yako yanaruhusu, njoo peke yako kwanza, panga anekse (nyumba ndogo ya uani) ya chumba kimoja, watoto wamalize mwaka wa shule kule kwenu. Mwezi wa 2, siku mvua imekatika sasa hivi, vaa buti uzunguke kartie unazozitaka, ndipo uchague nyumba.