Kisanduku cha kutafutia kikikataa herufi: mambo ya kuzingatia kabla hujagusa kitu

Unabofya kisanduku cha kutafutia kilicho chini ya skrini, unaandika jina la faili unayoitaka, na hakitokei kitu. Wakati mwingine hata kile kistari cha kupepesa hakionekani. Wakati mwingine kinapepesa vizuri tu, ila herufi haziji. Ukifungua hati yako na kuandika humo, kibodi inaandika kama kawaida.

Nimekutana na hitilafu hii mara nyingi kwenye kompyuta za Windows 10 na Windows 11. Yenyewe si kubwa. Kinachoniuma ni namna watu wanavyoikabili: wanabandika amri ndefu wasizozielewa, wanafuta programu, wanasakinisha mfumo upya, na kazi za miaka zinapotea kwa kosa ambalo pengine lingeondoka kwa kuandika neno moja. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye yale ya kutangulia, kabla mkono haujafika kwenye urekebishaji.

Anza kwa kujua ni kitu gani hasa kimegoma. Mtu akisema “siwezi kutafuta,” huenda anamaanisha kwamba kisanduku hakifunguki, au kinafunguka lakini herufi haziingii, au herufi zinaingia na majibu hayaji. Haya ni matatizo tofauti, na dawa ya moja haitibu lingine. Majibu yasipokuja, shida mara nyingi iko kwenye faharasa ya faili, yaani orodha ambayo kompyuta huitumia kuzipata haraka, inayotunzwa na huduma iitwayo Windows Search, au iko mbali kabisa na kompyuta yako. Tarehe 5 Februari 2020 watumiaji wengi wa Windows 10 walikuta utafutaji umebaki weupe mtupu, na chanzo kilikuwa upande wa mitambo ya Microsoft, kwa kuwa kisanduku hicho kimeunganishwa na Bing, mtambo wa Microsoft wa kutafuta mtandaoni. Aliyesakinisha mfumo upya siku ile alijichosha bure. Herufi kutoingia ni jambo jingine, na nasisitiza hili kwa sababu kila mara naona watu wanashauriwa waijenge upya faharasa. Faharasa haihusiki na uandikaji. Unaweza kuijenga upya usiku kucha na asubuhi kisanduku kikawa vilevile.

Kisha jaribu kuandika sehemu nyingine, na uandike kwenye karatasi umeona nini. Fungua Notepad, programu ndogo ya kuandikia ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, litokee dirisha dogo la Run, uandike humo. Bonyeza kitufe cha Windows na I ufungue mipangilio, ujaribu kisanduku cha kutafutia kilicho ndani yake. Ikiwa Notepad na Run zinapokea herufi lakini kisanduku cha chini na kile cha mipangilio vinakataa, basi umeshakaribia jibu. Madirisha ya muundo wa zamani yanaweza kupokea herufi hata huduma za uandishi za Windows zikiwa zimelala. Yale ya muundo mpya, kikiwemo kisanduku cha kutafutia, yanazitegemea huduma hizo. Zikizimika, yanabaki yamefunguka bila kupokea chochote.

Kibodi nayo iondoe kwenye orodha ya washukiwa mapema. Bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na O kwa pamoja, kibodi ya kwenye skrini itatokea; tumia kipanya kubofya herufi zake. Zikikataliwa nazo, kibodi yako haina kosa. Na kama herufi zinasuasua kila mahali, zinaingia pale tu unapokandamiza kitufe kwa muda, huenda uliushikilia Shift wa kulia kwa sekunde 8 bila kujua. Hapo Windows huuliza kama iwashe Filter Keys, ambayo inapuuza kitufe kilichoguswa kwa haraka. Ukikubali bila kusoma, unaweza kudhani kibodi imekufa. Ipo kwenye mipangilio ya ufikivu, na kuizima ni kubofya mara moja.

Sasa kuna jambo ambalo waandishi wengi wa maelekezo hulisahau. Karibu kila maelekezo huanza na “andika jina fulani kwenye kisanduku cha kutafutia,” na kisanduku hicho ndicho kilichogoma. Kabla hujaanza, jifunze njia za kando. Windows na R inafungua Run, na humo ukiandika services.msc unapata orodha ya huduma, taskschd.msc unapata kazi zilizopangwa, rstrui unapata kurejesha mfumo. Windows na X inatoa menyu fupi ya zana za usimamizi. Ctrl, Shift na Esc zinafungua Task Manager, yenye orodha ya programu zinazoendeshwa. Ziandike pembeni, au soma maelekezo kwenye simu ili usipoteze njia kompyuta ikijiwasha upya.

Linda mali yako kwanza. Faili muhimu ziwe na nakala kwenye diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni, na nakala hiyo uifungue uone kweli inafunguka. Tengeneza kituo cha kurejesha mfumo, ukikumbuka kwamba hicho kinarudisha mipangilio na faili za mfumo, hakitunzi picha wala hati zako. Halafu, na hapa naomba usiruke, hakikisha unao ufunguo wa BitLocker kama diski yako imefungwa kwa njia fiche. Ni tarakimu 48. Kompyuta nyingi hufunga diski zenyewe na mwenye nayo hajui, na ufunguo unakaa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Siku utakapoingia katika hali salama (Safe Mode), ambamo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, mfumo unaweza kuudai kabla haujakufungulia, na bila huo hakuna fundi atakayekutolea faili zako. Kumbuka pia nywila kamili ya akaunti, maana katika hali salama PIN wakati mwingine haikubaliki.

Kama kompyuta ni ya ofisi, usiguse huduma wala kazi zilizopangwa. Mjulishe anayeisimamia.

Vuta pia kumbukumbu: ni nini kilibadilika kabla ya hitilafu kuanza? Sasisho jipya, programu ya ulinzi, lugha ya kibodi iliyoongezwa, programu ya kupamba mstari wa chini wa skrini. Na zaidi ya zote, ile programu inayojitangaza kwamba inaongeza kasi ya kompyuta. Programu za aina hiyo huzima huduma kwa wingi, na miongoni mwa zinazoweza kuzimwa ni ile inayohusika na uandishi. Watu wengine huizima kwa mkono wao wenyewe, na siwalaumu, kwa kuwa jina lake linapotosha. Kwenye Windows 10 inaitwa “Touch Keyboard and Handwriting Panel Service.” Mwenye kompyuta isiyo na skrini ya kugusa akilisoma jina hilo anaona haimhusu, anaizima, na kisanduku cha kutafutia kinaacha kupokea herufi. Kwenye Windows 11 imepewa jina la wazi zaidi, “Text Input Management Service,” lakini ushauri wa zamani wa kuizima bado unazunguka. Ikague kwenye services.msc: aina yake ya kuanza isiwe “Disabled.”

Ukishajiandaa hivyo, utaratibu wenyewe ni mfupi. Chagua kuwasha upya, “Restart,” usizime kisha ukawasha. Kwenye kompyuta nyingi kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo ili uwashaji unaofuata uwe wa haraka, na hitilafu inaweza kuhifadhiwa pamoja nayo. Kuwasha upya kunaanza mfumo kuanzia mwanzo.

Tatizo likibaki, fungua Run, andika ctfmon.exe, bonyeza Enter. Hilo ndilo neno moja nililolitaja mwanzoni; ni jina la programu ya Windows inayoendesha zile huduma za uandishi. Dirisha lolote halitafunguka, usishangae. Nenda moja kwa moja ukajaribu kisanduku. Herufi zikiingia, umejua chanzo. Zikiingia leo na kesho zikagoma tena baada ya kuwasha upya, maana yake hakuna kinachoiamsha ctfmon mfumo unapoanza. Fungua taskschd.msc, shuka kwenye maktaba hadi Microsoft, kisha Windows, kisha TextServicesFramework, uangalie kama kazi ya MsCtfMonitor imewashwa.

Tahadhari moja hapa. ctfmon.exe halisi unayoifuata inakaa ndani ya C:\Windows\System32. Ukikuta yenye jina hilo inaendeshwa kutoka folda ya vipakuliwa au ya muda, ishuku kuwa kirusi na uchunguze kompyuta nzima. Na kama yako haipo, usiipakue kutoka tovuti yoyote inayogawa faili za mfumo. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza endesha sfc /scannow. Faili za mfumo zitarekebishwa kutoka chanzo kinachoaminika. Huchukua muda, na asilimia zinaweza kusimama mahali pamoja kwa dakika kadhaa, zisubiri.

Ikiwa ctfmon ilikuwa inafanya kazi tangu mwanzo, geukia kisanduku chenyewe. Katika Task Manager, kwenye orodha ya kina, tafuta SearchHost.exe kwa Windows 11, au SearchApp.exe kwa matoleo ya baadaye ya Windows 10. Matoleo yake ya awali yalitumia SearchUI.exe. Isimamishe, itajiamsha yenyewe utakapobofya kisanduku tena.

Anayetumia Windows 10 azingatie kwamba usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo asikae akisubiri sasisho lije kumtatulia.

Jaribio la mwisho kabla ya kumpelekea fundi ni kufungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyohiyo. Kisanduku kikipokea herufi kule, kosa liko ndani ya akaunti yako ya zamani, na inatosha kuhamishia faili zako kwenye mpya bila kusakinisha mfumo upya. Kikikataa kule pia, mpe fundi ile karatasi yako: sehemu zilizopokea herufi, zilizokataa, kilichobadilika kabla ya hapo, na hatua ulizokwisha kujaribu.